Kabureta ya Pwani

Askari wa ukaguzi kwenye stesheni ya treni ya mwendokasi, Dar es Salaam, alinisimamisha kwa sababu ya mzigo mmoja. Ndani ya begi langu, ndani ya kitenge cha marehemu mama, mlikuwa na kipande cha chuma chenye mirija na skrubu ambacho mashine yake haikukielewa. Akakifungua juu ya meza.

"Nini hii, dada?"

"Kabureta ya Land Rover."

"Za kabureta bado zipo?"

"Ipo moja, Isevya, Tabora."

Aliigeuzageuza, akainusa, petroli ya zamani ilikuwa bado imeshika harufu ndani yake. Kisha akaifunga tena yeye mwenyewe, pindo kwa pindo, kama anayemfunika mtoto. Akaniambia babu yake alikuwa utingo wa lori la Bedford, njia ya Singida, na kwamba hata uzeeni aliweza kulitambua Bedford kwa mlio, likiwa bado halijaonekana. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, lakini hilo la babu yake alilimaliza.

Nimeliona jambo hili mara nyingi. Mtaje mtu gari la zamani, pikipiki ya padri wa kwao, au ile Fokker ya Shirika la Ndege iliyokuwa ikitua Tabora, na uso wake unabadilika. Atakutajia jina la mtu, kisha jina la mahali, ndipo atakutajia chombo. Safari hii ya Oktoba niliifunga kwa ajili ya Land Rover ya baba, lakini pia kwa sababu nilitaka kujua ni nini hasa kinachobadilika usoni mwa watu.

Treni ya umeme ilitufikisha Dodoma kabla chai yangu haijapoa vizuri. Inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na mtu akilala Pugu anaweza kuamkia Morogoro bila kujua kwamba kuna mahali amepanda na mahali ameshuka. Naipenda, na nitaipanda tena. Kuanzia Dodoma nikachukua basi: Manyoni, Itigi, kisha ile nyika ndefu ya vichaka inayokwenda mpaka Tura. Wapagazi wa zamani waliiita Mgunda Mkali, na jina hilo liliwatisha hata waliolizoea, kwa kuwa maji yalikuwa ya kubahatisha na njaa ilikuwa karibu. Tura ilikuwa kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, na msafara ukifika hapo watu walijua wameokoka. Msafiri Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871, akafika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwezi Juni. Miaka 36 baadaye Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, tarehe 10 Agosti 1907, akiwa na nia ya kuwa mtu wa kwanza kuivuka Afrika kwa gari. Alifika Swakopmund, upande wa Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Siku 630. Basi letu lilikuwa na televisheni na lami chini yake, na pale Chaya abiria karibu wote walikuwa wamelala.

Nilifika Isevya jua linazama. Mchanga wa Tabora ni ule ule, mwepesi, unaingia viatuni hata ukitembea hatua kumi. Baba mdogo alikuwa amekaa kibarazani anangoja, redio ndogo pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja nacho?"

Hakuuliza habari za safari kwanza. Nikamwonyesha begi. Akainuka, tukazunguka nyuma ya nyumba.

Ilikuwa chini ya mwembe, palepale ilipoachwa. Ni Land Rover 109 ya Series III, ile ndefu. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Majani yalikuwa yamejaa juu ya paa, na kuku alikuwa ametaga kwenye kiti cha nyuma, lakini bodi haikuwa na kutu, kwa sababu bodi za Land Rover ni za aluminiamu. Zilianza hivyo mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita na aluminiamu ya ndege ilikuwa imebaki nyingi. Yaani shida ya wakati mmoja ndiyo iliyolipa gari hili maisha marefu chini ya mvua za Tabora. Fremu ya chini ni ya chuma, na hiyo ilikuwa na majeraha yake.

Baba aliendesha gari hili kazini kwa miaka mingi, akiwabeba wataalamu wa mbung'o na malale kuingia misitu ya miombo ya Urambo na Sikonge. Lilipochakaa likapigwa mnada, naye akalinunua kwa mafao yake. Mama hakufurahi. Lakini ndilo lililompeleka mama hospitali ya Kitete usiku aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho, mvua inanyesha, taa moja tu ya mbele inawaka, na baada ya usiku ule mama hakulisema tena vibaya. Baba alipofariki, kabureta ikaanza kuvuja. Nikaipeleka Dar, kwenye gereji moja iliyoniahidi wiki mbili. Ilikaa huko miaka miwili. Mara wameipoteza, mara wameipata, mara fundi amehama. Nilipoipata hatimaye walikuwa wameifungia kwenye gari lingine, wakaitegesha, wakaitoa. Hiyo ndiyo niliyoibeba kwenye kitenge.

Asubuhi fundi alikuja kwa baiskeli. Ni mzee mwembamba, amestaafu reli, jirani yetu tangu mimi niko shule ya msingi. Akavua shati lenye kola, akalitundika kwenye tawi, akabaki na singilendi.

"Binti yangu, baba yako alikuwa hakubali mtu aguse hii bila kunawa mikono. Leta maji."

Tukanawa. Kisha akatandika gunia chini, akaifungua kabureta yote, skrubu moja moja, akizipanga kwa mstari jinsi zilivyotoka, ili zirudi kwa mstari ule ule. Alitoa jeti, kile kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, akakipuliza kwa mdomo, akakiinua kuelekea jua na kufumba jicho moja. "Njoo uone." Nikaangalia. Katikati ya shaba kulikuwa na nukta ya mwanga, mviringo kamili. Petroli yote iliyowahi kuipeleka familia yetu popote ilipita kwenye tundu lile. Sijui kama niliwahi kukitazama kitu kwa makini namna ile.

Baadaye akahamia kwenye distribyuta. Alizisugua platini kwa msasa mlaini, misuguo miwili tu, mifupi kama ya mtu anayenoa wembe, halafu akazungusha injini kwa hendeli taratibu mpaka zikaachana, akapima mwanya kwa kipande cha pakiti ya sigara alichokikunja. Chini kidogo ya nusu milimita. Nilikuwa na kipimo cha duka kwenye begi, nikamwazima kwa heshima. Akakiingiza. Kilipita kwa kukwaruza kidogo, kama inavyotakiwa. Akanirudishia bila neno.

Ilipofika saa tano tulikuwa tayari. Akina mama wa nyumba ya pili walitoka, watoto wakapanda ukutani, na vijana wawili wa bodaboda wakazima Boxer zao. Baba mdogo akavuta choki, fundi akashika hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu ikakohoa, ikashika, na mtaa mzima ukapiga kelele.

Kisha moshi mweusi. Injini ilikuwa inazunguka kwa kuchechemea, sailensa haitulii, na harufu ya petroli mbichi ilituingia machoni. Nilijua tumeharibu kitu. Fundi alisikiliza kidogo tu, kichwa kimeinama, akasema:

"Hii kabureta ya pwani."

Sikumwelewa.

"Wameitegesha Dar. Inadhani iko Dar."

Hapo ndipo aliponieleza, naye anaeleza kama mwalimu. Dar iko usawa wa bahari na hewa yake ni nzito. Tabora iko juu, mita kama 1,200, na hewa yake ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja kati ya nane. Kabureta haina akili ya umeme. Inachanganya petroli na hewa kwa kadiri skrubu ilivyowekwa na kwa kadiri hewa inavyopita, basi. Ukiitegesha pwani na kuileta huku juu, inamwaga petroli ya kutosha hewa ambayo haipo. Injini inashiba kupita kiasi, inatoa moshi mweusi. Magari ya leo yana kompyuta inayopima hewa na kujirekebisha, dereva hajui lolote. "Gari la leo halijui liko wapi," alisema fundi. "Au linajua lakini halikwambii."

Akanipa bisibisi. "Kaza robo. Usikaze kwa mkono, kaza kwa sikio."

Nikakaza robo mzunguko. Mlio ukabadilika, ukapanda, ukawa mmoja. Moshi ukafifia. Nikakaza kidogo zaidi, injini ikaanza kutetemeka kama mtu anayeona baridi. "Umepita. Rudi." Nikarudi unywele. Ikatulia. Niliisikia Tabora kwenye ile skrubu, kwenye vidole vyangu: joto la Oktoba, urefu wa nchi, umbali wa bahari. Nimesafiri njia hii tangu utotoni na sikuwahi kuhisi kwamba nchi inapanda.

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno la fundi kuliko hotuba yoyote niliyosikia kuhusu vyombo vya zamani. Watu husema wanavipenda kwa sababu ya uzuri wake, au kwa kuwa vinawakumbusha ujana. Sipingi. Mwezi Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover za kila umri kwenye tamasha lao, na nilipoona picha nilitokwa na machozi. Nairobi wana mashindano ya magari mazuri ya kale tangu 1970. Wapenzi wa mbio wana Safari Rally ya magari ya zamani, iliyoanza 2003 ili kurudisha vumbi la enzi za akina Joginder Singh, na za Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyeshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Yote hayo ni mema. Lakini magari ya maonyesho hupigwa msasa mpaka hayana tena mahali yalipotoka. Chombo kikongwe kilicho kazini kinahisi kilipo. Kikipanda mlima kinalalamika, na asubuhi ya baridi ya Juni kinataka choki. Kinamtaka mwenyewe naye ajue. Nadhani hicho ndicho kinachorudi usoni mwa yule askari wa ukaguzi anapomtaja babu yake: mtu aliyejua yuko wapi kwa kusikiliza injini.

Jioni tukaifanyia majaribio. Baba mdogo akaendesha, fundi mbele, mimi nyuma na watoto sita wa jirani. Nikaomba twende mpaka kwenye uzio wa uwanja wa ndege, kwa sababu kulikuwa na habari niliyotaka kuwasimulia nikiwa pale.

Tarehe 24 Januari 1920 ndege ya Vickers Vimy Commercial iliruka kutoka Brooklands, Uingereza, kwenda Cape Town, kwa gharama za gazeti la The Times. Marubani walikuwa wawili, Cockerell na Broome. Pamoja nao walikuwa mafundi na mtaalamu wa wanyama, Chalmers Mitchell, aliyekuwa anaandika habari za safari. Ndege yenyewe ilikuwa ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, injini mbili za Rolls-Royce. Ndege ya ukoo huo huo ndiyo iliyowavusha Alcock na Brown bahari ya Atlantiki bila kutua, Juni 1919, na hiyo imehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Sayansi, London. Nyingine, iliyowafikisha ndugu wawili wa Smith Australia mwaka huo huo, iko Adelaide. Ya The Times iliifuata Nile, ikavuka Sudan, ikaingia Tanganyika, injini zikiwasumbua njiani. Tarehe 27 Februari 1920 ikaanguka Tabora, na safari yake ikaishia hapo. Watu wakatoka wazima. Mwezi uliofuata, tarehe 20 Machi, van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini wakafika Cape Town, wakiwa kwenye ndege yao ya tatu baada ya kuvunja mbili.

Fundi alisikiliza akiwa ameegemea mlango. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Injini zilitegeshwa wapi?"

"Uingereza."

"Usawa wa bahari."

"Karibu na hapo."

Akatazama uwanja kwa muda mrefu. Hakudai kwamba amejua kilichoiangusha, na mimi sidai. Lakini niliona amewahurumia watu wale kwa namna ambayo mimi, niliyesoma habari zao kwenye karatasi, sikuwa nimeweza. Alikuwa anawaza juu ya mafundi wao, Februari, mvua za Tabora zikiwa bado zinanyesha, hewa nyepesi, ndege nzito, wanakaza na kulegeza skrubu kwenye mji wasioujua. Wakati tunazungumza Dash 8 ya Shirika la Ndege, ATCL, ikaja kutoka mashariki, ikatua kwa ulaini kama mtu anayeweka kikombe mezani. Watoto wakaipungia. Fundi naye akaipungia.

Tukarudi polepole. Kwenye makutano ya reli ilitubidi tusimame kungoja mabehewa ya mizigo, na hapo baba mdogo, ambaye siku nzima alikuwa kimya, akaleta habari yake. Alisema reli hii ndiyo iliyopitisha meli ya Liemba. Ni kweli. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar kwa bahari, ikapita hapa Tabora kwa treni kuelekea Kigoma. Ilishushwa ziwani Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Julai 1916, vita vikiwa vimewaelemea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini mafundi waliopewa amri hiyo walizipaka injini grisi nzito kwanza. Ndiyo maana Waingereza walipoiinua mwaka 1924 ilikuwa bado ina uhai, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

"Waliambiwa waizamishe," baba mdogo alisema. "Hawakuambiwa waipake grisi."

Mabehewa yalikuwa mengi. Hakuna aliyezungumza mpaka la mwisho lilipopita.

Nilikaa Isevya siku tano. Tuliziba fremu kwa bamba, tukabadilisha mipira ya breki, tukamhamisha kuku. Mzee mmoja wa Chemchem alileta Honda Super Cub yake, ile pikipiki ndogo ambayo tangu 1958 imetengenezwa zaidi ya milioni 100, akaomba fundi aisikilize pia. Siku ya nne alikuja kijana mmoja nadhifu akitaka kuinunua Land Rover, aipeleke Arusha, aipake rangi upya na kuwaweka watalii. Bei yake ilikuwa nzuri na alikuwa na adabu. Baba mdogo akaniachia mimi nijibu, kwa kuwa ni mali ya baba yangu. Nikamshukuru, nikamwambia itakwenda Dar, na mimi ndiye nitakayeiendesha. Nilikuwa sijawaza hivyo mpaka niliposikia nimesema.

Asubuhi ya kuondoka fundi alikuja mapema kuliko jua. Alinawa mikono, akafungua boneti, akachora kwa ncha ya bisibisi alama ndogo kwenye kabureta, sawasawa na mfuo wa skrubu.

"Hii Tabora. Dodoma usiguse, hewa ni ile ile. Ukishashuka Morogoro, simama mahali penye kivuli, iache ipoe, halafu legeza kidogo. Sikiliza. Ukifika baharini legeza tena."

"Na alama ya Dar?"

"Ya Dar utaichora mwenyewe."

Akanipa ile bisibisi, mpini wake wa mbao umelainika kwa jasho la miaka. Nikaiweka kwenye trei ya dashibodi, juu ya kitenge cha mama. Baba mdogo akashika hendeli.